Mgonjwa wa kusafisha damu na yule anayeshika mwiko nyumbani

Sisi tunapika chakula cha wagonjwa wa figo hapa Dodoma. Wateja wengi wanaotupigia, awe yuko Nkuhungu, Ipagala au huko Bahi, swali la kwanza ni chakula cha mgonjwa wa figo kwa wiki shilingi ngapi. Bei tunawaambia, ila na sisi tunauliza letu, hapo kwenu nani anapika?

Sababu ni hii. Mgonjwa wa dayalisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zimegoma, kwa kawaida anakaa kwenye mashine masaa manne, mara tatu kwa wiki, jumla masaa 12. Wiki nzima ina masaa 168. Kwa hiyo masaa 156 yuko mikononi mwetu, sisi wa nyumbani, na hapo ndipo anapoharibikia au anaponusurika.

Sisi hili limetukuta. Baba mdogo alipoanza kusafishwa damu maelezo alipewa yeye peke yake, amechoka, anasikia kichefuchefu, halafu akakabidhiwa karatasi ya Kiingereza. Mama mdogo, ambaye ndio anapika, hakuna aliyemwita akae chini aelezwe. Basi kwa mapenzi yake yote akawa anamkorogea juisi ya ubuyu asubuhi na jioni eti aongeze damu, anampikia mlenda wa karanga na magadi yake kama tulivyozoea huku Ugogoni, na nyama akamkatia kabisa kwa kuwa jirani alisema figo hazitaki nyama. Yote matatu yalikuwa kinyume na alichohitaji na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, jamani inauma mpaka leo.

Ubuyu una potasiamu nyingi sana, na figo zikishagoma kuitoa inabaki kwenye damu, ikizidi inavuruga mapigo ya moyo na moyo unaweza kusimama bila hata kupiga hodi. Ndizi, parachichi, maji ya dafu, viazi na maharage ni familia hiyohiyo. Viazi angalau vina njia, unamenya, unakata vidogo, unachemsha kwenye maji mengi halafu yale maji unamwaga, usiyafanye supu! Watu wanauliza sana kuhusu zabibu kwa sababu ziko kila kona hapa mjini, zabibu mbichi chache zina nafuu, ila zilizokaushwa potasiamu imejikusanya humo, aachane nazo. Magadi nayo ni sodiamu, ndugu yake chumvi, yanaleta kiu. Na nyama, kabla ya kuanza mashine ndio daktari anaweza kumwambia apunguze, lakini akishaanza mashine inatoka na sehemu ya protini, kwa hiyo yai, samaki, kuku anatakiwa ale kwa kiasi alichopangiwa, ukimnyima anakonda na kuishiwa nguvu.

Kwenye maji ndio kuna kazi zaidi, hasa joto la Dodoma la mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Lita moja ya maji ni kilo moja ya uzito. Mtu asiyepata mkojo akitoka kwenye mashine na kilo 60 akarudi na 64, zile nne sio unene, ni maji yamekaa mwilini, ndio unaona miguu imevimba, usiku anashindwa kulala chali maana pumzi inakata, na siku ya mashine yakitolewa yote kwa mkupuo presha inashuka na misuli inakaza mpaka analia. Na maji sio ya kunywa tu, uji ni maji, chai ni maji, supu, tikiti, barafu, vyote hesabu. Tunachofundisha ni kitu rahisi, chupa moja yenye kipimo alichopewa na daktari, kila akinywa kitu cha majimaji kiasi hichohicho unakipunguza kwenye chupa, ikiisha imeisha. Kiu ikizidi asukutue mdomo ateme. Na chumvi ipunguzwe kwanza, maana huwezi kumlisha chumvi halafu ukamgombeza anakunywa maji.

Halafu mkono. Wengine wakisikia fistula wanadhani ile ya uzazi, hapana, hii ni mshipa uliounganishwa mkononi ili mashine ipate damu ya kutosha. Mkono huo hapimwi presha, hatolewi damu, haulaliwi, habebei ndoo, na kila asubuhi auguse asikie ule mtetemo, siku usiposikika ni kwenda hospitali siku hiyohiyo sio kusubiri zamu yake. Mwenye mpira shingoni wa kupitishia damu ya mashine asiulowanishe, na akipata homa au baridi ya kutetemeka usimpe panadoo ukanyamaza, mpeleke.

Kwa hiyo huduma yetu haianzi na hotpoti. Mara ya kwanza tunakuja nyumbani, bure, tunakaa jikoni na anayepika, awe mama, dada wa kazi au kijana wa kiume, kwa Kiswahili au Kigogo, tunapika pamoja mlo mmoja na sufuria zenu wenyewe. Tukija tunaomba mtuwekee tayari majibu ya damu ya mwezi huu, uzito aliopangiwa na daktari, na dawa zake zote mezani, zikiwemo za mitishamba kama anatumia, msizifiche.