Karpu wa ndoano si karpu wa wavu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashindano ya kuvua karpu, samaki wa maji baridi, Marekani na Ulaya ilipambwa na picha ya samaki wakirukia mashua. Hao ni karpu wa fedha, asili yao Asia, wanaokula kwa kuchuja maji na ni nadra kugusa chambo. Kule Bath, Illinois, hushindaniwa kwa nyavu za mkono: injini ikinguruma samaki hushtuka, huruka, hukingwa hewani. Mliyekuwa mkimwandika ni karpu wa kawaida, ambaye Tume ya Samaki ya Marekani ilimleta kutoka Ujerumani mwaka 1877 na kumfuga Baltimore, kwa ajili ya chakula.

Kosa la picha lingesameheka, ila hukumu yenu kwamba Wamarekani wako nyuma katika uvuvi huu haikubaliki. Kinachotofautiana ni hadhi ya samaki. Uingereza karpu mkubwa hupewa jina na hutambuliwa kwa mpangilio wa magamba yake. Yule wa ratili 44 aliyenaswa na mvuvi Mwingereza Richard Walker mwaka 1952 alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London. Ufaransa mvuvi wa burudani haruhusiwi kusafirisha karpu hai anayezidi sentimita 60. Marekani majimbo mengi humhesabu samaki duni, apigwe mishale hata kwa mashindano. Lakini kwenye ziwa Lady Bird, jijini Austin, mvuvi huruhusiwa kuondoka na karpu mmoja tu kwa siku wa inchi 33 au zaidi. Basi hata huko wapo wanaomthamini.

Zana zenyewe ni zilezile, na nyingi zilibuniwa Uingereza. Chambo hakichomwi ndoanoni. Hutungwa kwenye kiuzi chembamba kinachotoka shinani mwa ndoano, na kati yake na ndoano huachwa milimita chache. Karpu hufyonza, akishuku hutema. Ndoano, kwa kuwa iko wazi, hushika mdomo wa chini, na chubwi, yaani kizito cha mshipi, ya gramu 85 hadi 110 huizamisha mdomoni anapokurupuka. Kiuzi kikiwa kifupi mno, chambo huziba ncha ya ndoano. Chubwi nayo isikazwe kabisa kwenye mshipi, maana mshipi ukikatika samaki atabaki akiiburuta.

Penye kukosewa hasa ni kwenye mizani. Mkoba wa kupimia hulowekwa kwanza, hutundikwa mtupu, mizani ikarudishwa sifuri, ndipo samaki huwekwa. Ukiwekwa sifuri ukiwa mkavu, maji uliyoyanyonya yatahesabiwa kuwa samaki, na pale timu mbili zinapoachana kwa gramu chache, huo ni ugomvi wa bure. Mkeka anaolazwa nao ulowe, la sivyo unambandua ute unaomkinga na magonjwa.

Ulaya, usiku wa baridi, baadhi ya wavuvi humweka samaki kwenye mfuko wa kitambaa chenye matundu, ndani ya maji, hadi mwamuzi afike kumpima. Utaratibu huo ukihamishiwa Texas wakati wa kiangazi huua: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyetoka kupigana anaihitaji zaidi. Huko afadhali waamuzi waongezwe, kila mmoja na mizani yake, samaki apimwe palepale na kuachiwa.