Usipime chuma kikiwa cha moto

Binti yangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, nikafurahi kusikia mmeshaanza kushika mashine. Sisi huku Dar wazima. Mama yako anakusalimu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna maikromita yangu, kile kifaa cha kupimia unene kwa usahihi. Umesema chuoni mnagombania moja watu wanane, utajifunzaje hapo? Niliinunua nikiwa kibarua Gerezani, nikala mihogo miezi miwili ili niipate. Ndiyo iliyokulipia ada tangu darasa la kwanza.

Kuna kisa sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa tatu kwenye mashine ya kukerezea, alikuja mzee mmoja kutoka Kilosa na shafti iliyokatika, ule mhimili unaozunguka, wa mashine ya kusaga nafaka. Akataka nimchongee mpya. Beringi zake, zile pete zinazoibeba shafti izunguke, zilikuwa na tundu la milimita 50. Jioni ilishaingia, fundi mkuu kaondoka, na mzee anataka kuwahi basi. Kwa unene ule na kisu cha hai spidi, yaani cha chuma kigumu cha kukatia, chuma laini hukerezwa kwa mizunguko kama 190 kwa dakika. Mimi nikaikimbiza mashine karibu mara mbili ya hapo. Shafti ikawa inaunguza kiganja. Nikapima: 50.01. Kipimo kizuri kabisa! Nikaifuta, nikamkabidhi.

Siku ya nne karudi nayo. Beringi ilikuwa imezunguka juu ya shafti na kuila, ikaacha mfereji unaong'aa kama kisu kipya. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kina mama wa kijijini kwake sasa wanabeba madebe ya mahindi mpaka kijiji cha pili. Maneno yale ninayo hadi leo.

Chuma kikipata moto kinatanuka, mwanangu. Cha milimita 50 kikizidi joto la kawaida kwa nyuzi 40, kinaongezeka kama milimita 0.02. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Lakini kule kukaza kwa beringi kote kumo ndani ya hicho kidogo. Mimi nilipima moto. Ilipopoa ikawa pungufu ya 50, ikalegea.

Nilichonga nyingine, chuma nikanunua kwa pesa yangu. Safari hii nikaacha nusu milimita, nikazima mashine, nikaenda kunywa chai. Niliporudi niliishika, imepoa kama meza. Ndipo nikamalizia. Mteja akikuharakisha, mpe kiti akae. Chuma hakiharakishwi.

Nywele zako zifunge zote ndani ya kofia. Glovu usivae mashine ikizunguka, na nyuzi za chuma zinazochongoka usizivute kwa mkono, tumia ndoano. Ufunguo wa chaki, ile sehemu ya mashine inayobana chuma, usiuache kwenye chaki hata sekunde moja. Nimemwona mtu akivunjwa taya kwa kosa hilo.

Watakaokuambia kazi hii si ya msichana, wape kazi yako waipime.

Ukimaliza kutumia maikromita, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uirudishe kwenye kasha lake. Usiibane ikafunga kabisa, acha upenyo kati ya midomo yake. Sifuri yake nimeiangalia leo asubuhi, iko sawa. Ukiipokea iangalie tena mwenyewe.

Baba yako