Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyekunywa dafu langu

Mheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Kwa umri ningekuita mwanangu, lakini kwa cheo sina budi kukuita Mheshimiwa, na nitajitahidi kushika adabu hiyo hadi mwisho wa barua, hata pale ulimi utakaponiwasha. Jina lako silitaji, wala ofisi yako. Wewe mwenyewe utajijua. Ulikuja kijijini kwetu, Kusini Unguja, mwaka juzi kabla ya masika, ukakaa chini ya mkungu ulio mbele ya nyumba yangu ya wageni, ukanywa madafu mawili, la pili ukaliomba kwa kinywa chako. Ulipofuta midomo ukatuambia, sheha yupo na akina mama wa mwani wapo, kuwa njia ya kwenda pwani haifungwi na mtu yeyote. Ukamaliza kwa kusema, "Pwani ni yenu."

Ahsante sana. Leo nakuarifu kwamba pwani yetu imepata ukuta.

Alkhamisi iliyopita nilipokea wageni wawili kutoka Ufaransa, mke na mume, watu wa makamo, wa siku sita. Kwa nyumba ya vyumba vitano, wageni wa siku sita mfululizo mwezi wa Novemba ni harusi. Nilifua mashuka, nikayafua tena. Nikaazima feni kwa jirani, maana ya chumba namba tatu imeungua kwa huu umeme unaokatika na kurudi kama mtu anayecheza na swichi. Kijana wangu akawapokea barabarani, akawapa juisi ya ukwaju, akawaambia twendeni kwanza mkaione bahari. Akawapitisha kwenye ile njia iliyo katika picha, picha waliyoiona Ufaransa kabla hawajalipa: kichochoro cha mchanga, mivinje upande mmoja, mawe ya kiwanja cha zamani upande wa pili, halafu mbele buluu tupu. Dakika tatu kwa mguu, tena kwa mguu wa mtu asiye na haraka.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo akina mama walipita hapo na magunia ya mwani kichwani. Saa nane mchana palikuwa na ukuta wa matofali mapya, wa hoteli inayojengwa hapo, saruji haijakauka, na askari wa ulinzi ameketi juu ya ndoo. Akawaambia hapana njia, zungukeni.

Kuzunguka, Mheshimiwa, ni kurudi barabarani, kufuata lami mpaka njia ya dikoni, kushuka walipo wavuvi na mitumbwi yao, kisha kurudi nyuma ufukweni. Dakika ishirini na tano juani. Wageni wangu ni watu wastahamilivu, kesho yake asubuhi wakazunguka. Maji yalikuwa yamekupwa, wakatembea mpaka karibu na mwamba, wakafurahi. Lakini ilikuwa bamvua, na wewe si mtoto wa pwani hii, kwa hiyo nikueleze: bamvua likijaa kwetu, maji huja mpaka chini ya ule ukuta na mchanga wote hupotea. Waliporudi walikuta bahari imegusa matofali. Mama wa watu alipita na maji ya kiuno, viatu mkononi, mkoba kichwani, nguo imemganda mwilini, na wale wafanyakazi wa ujenzi wakimtazama kutoka juu. Alipofika nyumbani hakugomba. Aliniomba taulo. Jioni wakaaga.

Niliwarudishia dola 175. Siku mbili baadaye wakaandika maoni yao kwenye mtandao, kijana akanisomea: chumba kisafi, mama mkarimu, bahari haipo.

Nisifahamike vibaya. Mimi siyo adui wa mahoteli. Binti yangu wa pili anatandika vitanda katika hoteli kubwa tangu amalize skuli, na mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake. Mimi mwenyewe nilianza na mwani, miaka ya mwanzo ya tisini, wakati zao lenyewe lilikuwa bado geni huku. Tukafunga vigingi, tukafunga kamba, tukapata. Ule mwani mzuri, wenye bei, ukaanza kufa kadiri maji yalivyozidi joto, tukabaki na huu mwembamba ambao gunia zima halikununulii kilo za mchele za kutosha wiki. Tukaambiwa na wakubwa: ingieni kwenye utalii, huko ndiko kwenye fedha. Tukaimbishwa na wimbo wake, Utalii kwa Wote. Nikauza dhahabu zangu, kaka yangu aliye Muscat akaongeza, tukajenga vyumba vitano vya makuti, tukalipia leseni, tukalipia ukaguzi, tukanunua mtungi wa kuzimia moto ambao namshukuru Mungu haujapata kazi. Nami nikajihesabu mmoja wa hao Wote.

Sasa twende kwenye hesabu, maana kila tukilalamika mnatujibu kwa hesabu.

Mnatwambia utalii unaleta asilimia 80 ya fedha za kigeni za Zanzibar. Mnatwambia mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 736,000, wakati mwaka 2019, kabla ya korona, walikuwa 538,000 na ushei. Sikatai. Nawaona barabarani, magari yao yananipita kwa kasi hata vumbi linaingia kwenye chapati. Kijana wangu alichukua sensa ya 2022, ambayo ilituhesabu kama milioni 1.9, akapiga hesabu kwenye simu, akaniambia: mama, hii ni kama wageni wawili kwa kila wenyeji watano kwa mwaka. Sisi nyumbani tuko watano. Wageni wetu wawili, basi, ndio wale Wafaransa.

Vichwa vinahesabiwa uwanja wa ndege, na kuhesabu vichwa ni kazi nyepesi. Nani anahesabu vitanda huku vijijini? Tangu Paje mpaka Jambiani, kila ukiamka kuna nguzo mpya zimesimama. Wageni wameongezeka, lakini nadhani vitanda vimewazidi mbio. Zamani miezi ya kusi, Julai hadi Septemba, mahoteli yalikuwa yakijaa na mabaki yakitufikia sisi wa safu ya pili, sisi tusioigusa bahari. Siku hizi mabaki hayafiki. Wengi wameshauziwa kifurushi huko huko Ulaya, ndege, kitanda, chakula na kinywaji, wanafungwa kikuku cha plastiki mkononi, na mtu mwenye kikuku hana sababu ya kuja kula pweza wangu kwa shilingi wakati pweza wa hoteli ameshamlipia. Tena pengine ni pweza yule yule.

Masika ndiyo kiama. Aprili na Mei mahoteli mengine hufunga kabisa, binti yangu hurudishwa nyumbani bila mshahara mpaka Juni. Yasiyofunga hushusha bei. Ya nyota tano hushuka bei ya nyota nne, ya nne hushuka bei ya tatu, na hiyo ya tatu inakuja kunikalia mimi kifuani. Chumba changu ni dola 35 msimu, masika nakitoa kwa 20, mtandao wa kuuzia vyumba unakata asilimia 15 yake kabla sijaiona. Kwa dola 17 nimpe mtu kitanda, mayai, matunda, feni na maji ya tangi. Maji yenyewe nanunua, maana bomba letu linatoa hewa siku nne kwa wiki.

Kuna na ile bima ya lazima ya safari, dola 44 kwa kila mgeni mtu mzima, tangu Oktoba 2024. Labda ina maana yake, mimi sikusomea bima. Ila ninachojua ni kwamba wageni wawili wanalipa 88, ambazo ni karibu siku mbili na nusu za chumba changu. Anayelala kwa dola 400 usiku mmoja hazioni. Wangu wanaziona, na wananiuliza mimi kwa nini, kama kwamba nimezitunga jikoni. Sina ushahidi kuwa ndizo zilizowapunguza vijana wa mabegi ya mgongoni. Naona tu kwamba wamepungua.

Na mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini, simu yangu ilikaa siku kadhaa kama kipande cha sabuni. Ilipozinduka nilikuta wawili wamefuta na mmoja ananiuliza kama niko hai. Hilo nalipita, kila mtu ana lake la kusimulia kuhusu siku zile.

Narudi kwenye ukuta. Najua nimezunguka, nisamehe, siku hizi kwetu watu wote wanazunguka.

Mradi wa hoteli hiyo ulipochimba msingi nilikuja kwenye ofisi yako. Nilipanda daladala alfajiri, nikafika mjini saa mbili na nusu, nikaambiwa umeingia kikao. Nikaacha barua. Mwezi uliofuata nikaacha ya pili, na hii ya pili nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu, ninayo hapa ndani ya mfuko wa nailoni kabatini. Ofisi moja ikanituma ya pili, ya pili ikanituma ya tatu, ya tatu ikaniambia jambo hili huanzia kwa sheha. Sheha akanitazama kwa huruma, akasema, mama, mimi ni sheha tu. Mara ya mwisho kijana mmoja mwenye tai, mwenye adabu zake, aliniambia nisiwe na wasiwasi, kwenye ramani ya mradi njia ya wananchi ipo. Nikamwomba niione hiyo ramani. Akasema haiko pale.

Basi inawezekana kweli njia ipo, Mheshimiwa, imo ndani ya karatasi, ndani ya jalada, ndani ya kabati fulani, na ufunguo wa kabati yuko nao mtu aliyeingia kikao.

Wenye mradi nao wametuonea imani. Wametuma ujumbe kwamba hoteli ikifunguliwa wageni wangu wataruhusiwa kupita ndani kwao kwa tiketi ya siku, dola kumi kwa mtu. Wageni wawili dola ishirini, kwa siku, ili waione bahari, na mimi kitanda chao nimeuza 35. Sikusoma sana, lakini hiyo hesabu niliifanya nikiwa nimesimama. Na akina mama wa mwani je, nao watakata tiketi wakiwa na magunia kichwani? Watapita mapokezi, wachuruzike maji ya chumvi kwenye marumaru?

Wewe ulitwambia pwani ni yetu. Hatukukulazimisha. Tulikuwa tunakuuliza habari ya maji ya bomba, hili la pwani ulilitoa mwenyewe baada ya dafu la pili. Na ardhi ya visiwa hivi ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, ndivyo tulivyofundishwa tukiwa wadogo, tukaambiwa mwekezaji hukodishwa tu, hauziwi. Kama nimekosea nirekebishe, lakini nirekebishe kwa barua, yenye muhuri.

Mwanzo nilipokaa kuandika nilikuwa na orodha. Nilitaka nikuombe leseni za nyumba ndogo zilipwe kwa vipande, wakati wa msimu, badala ya kudaiwa zote kwa mkupuo tukiwa hatuna kitu. Nilitaka nikuombe mtoe hesabu ya vitanda kijiji kwa kijiji kabla ya kumpa mtu mwingine kiwanja. Nilitaka nikuulize kwa nini mboga za mahoteli zinavuka bahari wakati vijana wa huku wana mabonde. Nimeikata orodha. Mtu akiomba mengi mnachagua lile jepesi, mnalipigia picha.

Naomba mita mbili. Siombi ukuta uvunjwe wote, wajenge, wakae nao, wapake na rangi waipendayo. Mita mbili tu za upana, pale pale palipokuwa na mchanga, kati ya mivinje na mawe, pasiwe na geti wala askari juu ya ndoo, mama apite na gunia lake na mgeni apite na taulo lake. Fundi mmoja na nyundo atamaliza asubuhi moja. Nyundo ninayo. Mita mbili, Mheshimiwa.

Krismasi nina watu wanne, wameshalipa nusu, wanatoka Poland na watoto wawili wadogo. Kila siku yule baba ananiuliza kwenye simu kama watoto wanaweza kwenda pwani peke yao, na kila siku namjibu habari za hali ya hewa. Ile picha ya njia bado iko kwenye ukurasa wetu. Kijana wangu anataka aiondoe, anasema mama huu sasa ni uongo. Nimemwambia aiache mpaka Ijumaa ijayo, huenda ukajibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa vyumba vitano, safu ya pili,
Kusini Unguja