Lile neno lako "tu"

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Naandika nimeegemea mto, mshono unawasha kuliko unavyouma, na daktari amenikataza kunyanyua chochote kizito kwa wiki kadhaa. Basi nina nafasi ya kulijibu lile neno ulilonirushia usiku wa kuamkia kulazwa kwangu: "Fahamu ni ubongo tu, hakuna kingine." Nilinyamaza kwa sababu kidole tumbo kilikuwa kimenishika na sikuwa na nguvu ya kubishana. Sasa ninayo.

Kwanza nikupe haki yako, maana ni kubwa. Mtoa nusukaputi alinisukumia mshipani dawa nyeupe kama maziwa, akaniambia nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nilifika saba. Kilichofuata sikiiti giza wala usingizi. Ukiamka usingizini unajua kwamba ulilala. Mwili una hesabu yake ya saa. Mimi nilitoka kwenye "saba" nikatua moja kwa moja kwenye sauti ya muuguzi akiniita jina, na mshale mrefu wa saa ya ukutani ulikuwa umeshazunguka karibu mara mbili. Katikati hapo sikuwepo. Nikilifikiria hilo usiku, mpaka leo nashikwa na baridi.

Dawa yenyewe inaitwa propofoli. Huipa nguvu GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kuzituliza seli zake. Seli hazinyamazi zote; sehemu za ubongo ndizo zinazoacha kusikilizana. Bomba moja la sindano likaniondoa duniani, mwili ukaisafisha ile dawa, nikarudi. Anayesema fahamu ina makao yake pembeni na haiuhitaji mwili, anieleze ilikuwa wapi muda ule wote. Mwaka 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimbana mwanafalsafa Descartes, aliyeshikilia kwamba nafsi si mwili, kwa swali la jamaa hiyo, tena kwa barua: kitu kisicho mwili kinausukumaje mwili? Descartes alimjibu zaidi ya mara moja, na kwa maoni yangu hakuwahi kumjibu. Hata Kiswahili kiko upande wako, ndugu yangu. Neva tunaziita mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo "fahamu inategemea ubongo" nakubali bila kusitasita. Ninalogombana nalo ni lile "tu".

Sikiliza kilichotokea nilipozinduka. Kidoleni walikuwa wamenibana kifaa cha kupima oksijeni, mkononi mkanda wa presha, kifuani nyaya za moyo. Skrini ilikuwa inaandika kila kitu, kwa tarakimu za kijani na njano. Muuguzi akaisoma, akanakili, akaridhika. Halafu akaipa mgongo skrini, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akauliza: "Maumivu yako ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi?" Nikasema nane. Akaandika nane.

Rashidi, chumba kizima kilijaa mashine, lakini hiyo nane ilibidi aje kuiomba kwangu.

Najua utasema mashine bado ni changa, tusubiri. Haya, tusubiri. Tuseme imepatikana inayoifuatilia kila seli ya neva kichwani, zote takribani bilioni 86, moja moja, bila kukosea. (Wingi wenyewe hautusaidii, kwa njia. Kama bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye ule ubongo mdogo wa kisogoni, na mtu akiupoteza huo, mwendo unamyumba na maneno yanamkwama, lakini fahamu anabaki nayo.) Mashine hiyo itatuambia kwamba seli hii ikichangamka na ile huchangamka, na kwamba baada ya mlolongo fulani mdomo wangu hutamka "nane". Mlolongo wote utakuwa wazi mbele yetu. Bado nitauliza: kwa nini mlolongo huo unauma? Kwa nini haupiti kimyakimya, kama umeme unavyopita kwenye waya?

Ulinitolea mfano wa joto, kwamba fahamu nayo itakuja kuelezwa kama lilivyoelezwa joto, na ni mfano mzuri. Zamani watu walidhani joto ni kimiminika cha ajabu. Kumbe ni molekuli zinazotikisika. Lakini angalia kwa nini maelezo yale yanatosheleza. Ukishajua molekuli zinavyokwenda mbio, unaona mwenyewe kwa nini maji yatachemka na chuma kitatanuka. Kilichobaki ni lile joto ninavyolihisi mkononi, nalo wanafizikia walilitoa kwenye hesabu, wakasema hilo ni la mwenye mkono. Sasa tunayemuuliza ndiye huyohuyo mwenye mkono. Tutamsukumia nani?

Jambo moja limenikaa moyoni kuliko hoja zote. Mwaka 2006 mwanasayansi wa ubongo Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa amelala miezi mitano baada ya ajali ya barabarani, macho yanafunguka lakini hajibu lolote, na vipimo vyote vya kando ya kitanda vilisema hana fahamu. Wakamwingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anapita chumba hadi chumba nyumbani kwake. Sehemu zilezile zinazoamka kwa mtu mwenye afya akiwaza hayo zikaamka kwake. Alikuwa anawasikia!

Ushahidi huo ni wa mwili mtupu, nakubali. Ila mashine iliona damu ikiongezeka mahali fulani, basi. Aliyesema "yumo ndani" ni binadamu, na aliweza kusema hivyo kwa kuwa anajua, kutokana na nafsi yake mwenyewe, kuwaza tenisi kukoje. Tuondolee ujuzi huo, na picha ile inabaki ramani ya damu. Ndiyo maana "tu" lako linanitia hofu. Atakayeamini kwamba kinachopimika ndicho kila kitu, atasimama kando ya kitanda kama kile, asome skrini, na aondoke.

Wala usinihesabu pamoja na wanaokimbilia kusema, "Hapo ndipo roho inapoingia." Waulize hiyo roho inaumwa kwa njia gani, na swali linarudi lilelile. Pengine siku moja maelezo ya kimwili yatapatikana kweli, kwa fizikia ambayo hatujaiota bado. Mwaka 1998 Christof Koch, mtu wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba katika miaka 25 tungekuwa tumeijua mitambo ya fahamu kwenye seli. Juni 2023, mbele ya wenzao jijini New York, Koch alikubali ameshindwa, akalipa chupa za mvinyo. Sikushangilia. Miaka 25 ni michache kwa jambo zito hivi, na ningependa mno kuishi nilione jibu.

Jino lako la mwaka jana unalikumbuka. Ulinipigia usiku wa manane unalia, ukasema linakuua. Kesho yake wakalipiga picha, na ukanionyesha lile shimo jeusi. Shimo nililiona. Niandikie: kile kilichokuwa kinakuliza usiku ule, kwenye ile picha kilikuwa wapi?

Ndugu yako,
Idi