Risala kwa mgeni rasmi: silanga (lambo) yetu, maharage ya watu na kale kandege ka tambarare

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, malaigwanani wetu (viongozi wa mila), wazee, kina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma kwenye kivuli, sopai! Nimetumwa na wanakikundi wenzangu nisome risala hii na nimeambiwa nisizidishe dakika kumi maana ratiba imeshaharibika tangu saa nne.

Kwanza tunamshukuru Mungu kwa uhai, halafu tunakushukuru wewe kwa kuja, tena umekuja mwenyewe hujatuma mwakilishi, hilo tumeliona.

Historia kwa ufupi. Kikundi chetu cha wakulima na wafugaji kilianza 2016 na watu 7 chini ya mgunga, hapa karibu na barabara ya Arusha kwenda Namanga. Sasa tuko 34, japo walio hai kwenye vikao ni kama 22, hawa wengine tunawaona siku za mgao. Katiba tunayo, muhuri tunao, akaunti ya benki tunayo.

Mafanikio ni mengi sana Mheshimiwa. Tumenunua viti vya plastiki 40 (hiyo sofa uliyokalia ni ya kwa mwenyekiti, tumeazima). Tumepanda miti 200 kuzunguka shule ya msingi na mingine bado ipo, mbuzi ndo wametuangusha. Tumetoa elimu ya uhifadhi kwa jamii nzima, yani tumeongea mnadani mara mbili na spika ya kukodi. Na tumelinda viota vya ndege anayetaga chini hapa tambarare, nitamweleza mbele, kwa kuvizungushia mawe yaliyopakwa chokaa ili trekta zivione, ila kunguru nao wakayasoma yale mawe haraka kuliko madereva, wakawa wanaenda moja kwa moja kwenye mayai, hivo mradi huo tumeusimamisha kwa muda.

Sasa Mheshimiwa naomba nije kwenye jambo lenyewe.

Hii tambarare unayoiona, Angyata Osugat, Meru iko nyuma yako, Longido mbele, Kilimanjaro kule kulia mawingu yakikubali, ina ndege mmoja mdogo ambaye wataalamu wanamwita kipozamataza wa Beesley. Aliandikwa kwenye vitabu vya kisayansi 1966. Ndugu zake wa karibu wako Namibia, Botswana na Afrika Kusini huko, yeye hajulikani kuishi popote duniani zaidi ya ukanda huu wetu. Ni mdogo, wa kahawia, mkia mfupi una weupe nchani, anasimama wima kama askari wa getini, na ukucha wa nyuma ni mrefu kuliko mwili wake unavyostahili. Hapandi mti maana hapo katikati hata mti hakuna, anataga chini, kwenye kashimo pembeni ya kishungi cha nyasi, kiota chenyewe ukubwa wa kikombe cha chai. Ukipita na miguu bila kuangalia unakikanyaga. Ukipita na trekta ndo kabisa hutajua kama kulikuwa na kitu.

Watu wanakuja kutoka Ulaya na Marekani kumwangalia. Gari la watalii linasimama, wanashuka na darubini, dakika 20, wanapiga picha, wanashikana mikono kwa furaha utafikiri wamepata mtoto, wanaondoka. Kijiji kinabaki na vumbi na chupa za maji. Hatulalamiki, tunataja tu.

Huyu ndege anapenda nyasi fupi, na nyasi fupi zinaletwa na ng'ombe, hazina fundi mwingine. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wakichunga hapa mwaka mzima tambarare inakuwa kama imenyolewa, na ndege anakaa humohumo katikati ya kwato bila ugomvi, ndivyo wazee walivyomkuta na ndivyo walivyotuachia. Lakini ng'ombe hakai pasipo maji. Na maji yetu yalikuwa kwenye silanga, lile lambo hapo bondeni, ambalo leo Mheshimiwa ukishuka utakuta tope limejaa mpaka watoto wanachezea mpira katikati, na tuta limebomoka upande wa chini, mvua ikinyesha maji yanaingia huku yanatokea kule.

Hivo mifugo inahamishwa mapema, tambarare inabaki tupu, na kitu kikibaki tupu kina wenyewe. Wanakuja watu wa mjini wanakodi eka, sh 40,000 kwa msimu, wanaleta trekta mwezi Machi, wanatifua wanapanda maharage na mahindi. Na anayekodisha ni nani? Ni sisi. Ni mimi mwenyewe, nilikodisha eka 3 mwaka juzi nikalipa sare na michango ya watoto, sasa nikisimama hapa nikajifanya mtakatifu wenzangu watanicheka. Msimu uliopita maharage yalikauka yakiwa na maua, maana huku mvua inatufanyia mzaha, aliyekodi akaondoka na hasara yake akatuachia udongo wa volkano uliolegea, upepo ukija unaula wote. Nyasi hapo hazijarudi, yameota magugu ambayo hata punda anayapita.

Kuna mama mmoja mwanachama wetu, analima kaeneo kake mwenyewe kwa jembe la mkono. Alikuta kiota kina mayai matatu yenye madoadoa, akaacha hapo bila kulima, kipande ukubwa wa mkeka, akawa anakizunguka. Majirani wakamcheka, wakamwambia umeamua kufuga ndege wa chini? Akavumilia wiki nzima. Siku hiyo kaenda kliniki na mtoto, trekta iliyokodiwa shamba la pili ikageuzia kwake maana dereva aliona hapo pamebaki tu, jembe la disk likapita juu ya kiota. Jioni alitukuta kikaoni hakusema kitu, alifungua kanga akatuonesha ganda moja. Hatukuwa na la kumjibu. Tungemwambia nini, kwamba serikali itamlipa? Kifuta jasho kipo kwa aliyeliwa shamba na tembo, na hata hicho tunakijua safari yake. Aliyeacha kulima ili ndege apone hakuna fomu yake.

Kwa hiyo wanaotuambia "msilime, mnaua ndege" tunawaheshimu, ila kumwambia mtu asilime bila kumwekea kitu kingine mezani ni kumtukana. Sisi ombi letu halina hata shamba ndani yake. Tunaomba silanga. Maji yakikaa mpaka Septemba ng'ombe watabaki, ng'ombe wakibaki hakuna mwenye akili atakodisha malisho yake kwa sh 40,000, na ndege atajitunza mwenyewe kama zamani.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza tulimsomea 2018, akasema eskaveta ya kuchimbua tope itakuwa hapa ndani ya miezi mitatu, tukapiga makofi mpaka kina mama wakaimba, tukamvisha shuka tukampa mbuzi. Hakusema miezi mitatu ya mwaka gani, kosa letu hatukuuliza. Wa pili alikuja 2021, yeye akaleta wataalamu kabisa, wakapima, wakachoma vigingi vyenye utepe mwekundu, wakala pilau, wakaondoka. Alivishwa shuka, akapewa mbuzi. Vigingi viwili bado vipo, ule utepe watoto wamefungia nywele. Ukame wa mwaka uliofuata tulizika ng'ombe huku tukiangalia vigingi, na wazee hapa waliokumbuka 2009 wakasema angalau ile hatukuwa tumeahidiwa kitu.

Makisio ya fundi ni sh 46,000,000: kutoa tope, kujenga tuta upya, na birika la kunyweshea ili ng'ombe wasiingie majini. Kwenye akaunti tuna sh 6,350,000, taarifa ya benki tumeiambatisha. Mawe, mchanga na nguvu kazi ni juu yetu, vijana wameshaandikwa majina. Tunachokosa ni mashine na mafuta yake, siku kama 12 hivi, kabla ya Machi, maana Machi trekta za maharage zinaingia tena na tayari kuna watu wameshapokea advansi, siwataji. Pamoja na hilo tunaomba halmashauri ya kijiji isaidiwe kumaliza mpango wa matumizi ya ardhi ili eneo la malisho lijulikane kwa ramani. Tulikuwa na maombi mengine ya kompyuta na cherehani, kamati imesema niyaruke.

Mwisho Mheshimiwa, shuka yako ipo na utavishwa sasa hivi, hiyo ni heshima ya mgeni haina masharti. Kuhusu mbuzi, kikao cha jumapili kilikaa mpaka usiku na wajumbe wakapiga kura. Ni beberu mweusi mwenye baka jeupe shingoni, amefungwa pale kwa mwenyekiti, unaweza ukapita kumwona ukiondoka. Atakabidhiwa kwako siku eskaveta ikishuka bondeni, na mpaka siku hiyo tutamlisha vizuri.

Tunaomba kuwasilisha.