Ramani ya boksi kutoka Sohar

Makame sahibu yangu,

Asalaam alaykum. Barua imefika, na halua pia imefika, ingawa wenzangu wa chumbani waliipunguza kabla sijaiona. Halua ya Wete kuletwa Oman! Mwenyeji wetu mmoja wa hapa aliionja, akanyamaza kidogo, kisha akaomba nyingine. Mimi sikusema kitu.

Umeniuliza habari za yule Mfilipino tunayeshika naye zamu stoo. Kwa nini kwao wakipiga kura anakuwa kama mtu anayengoja habari ya mgonjwa, simu haitoki mkononi? Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Alichukua boksi tupu, akalichana, akanichorea ramani kwa kalamu ya kuandikia mizigo. Nitakueleza nilivyomwelewa.

Kwao ni mji wa Cotabato, Mindanao, kusini mwa Ufilipino. Nikutenganishie majina kwanza. Bunge lao la chini linaitwa Baraza la Wawakilishi, na hilo ni la taifa zima, si kama letu la Zanzibar kule Chukwani. Eneo la kujitawala la Waislamu wa Mindanao, kwa kifupi cha Kiingereza ARMM, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1989, likapata gavana wake na baraza lake dogo, na bado likaendelea kupeleka wabunge Manila. Kwa hiyo mtu wa kule alichagua wa nyumbani na wa taifa, kama sisi tunavyochagua wa Chukwani na wa Dodoma. Hapo nikadhani nimeshaelewa kila kitu.

Tangu Basilan ilipoingia mwaka 2001, ARMM ilikuwa na mikoa mitano. Basilan na Tawi-Tawi zilikuwa na jimbo moja moja la ubunge. Lanao del Sur, Maguindanao na Sulu mawili mawili. Jumla majimbo 8. Ukishika gazeti la Mei 2010 ukasoma "matokeo ya majimbo ya ARMM", utadhani ni kura za watu wa ARMM. Mimi nilidhani hivyo, na huyu bwana akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele.

Ofisi kuu za ARMM zilikuwa mjini kwao Cotabato. Lakini mji wenyewe haukuwa ndani ya ARMM! Uliulizwa 1989 ukakataa, ukaulizwa tena 2001 ukakataa. Ni kama Baraza letu lihamie Bagamoyo, na Bagamoyo ibaki Bara vile vile. Hata hivyo, kwa kura za ubunge wa taifa mji huo ulihesabiwa pamoja na jimbo la kwanza la Maguindanao. Na mji wa Isabela, ulio kisiwani Basilan, nao ulikaa nje ya ARMM lakini kura zake za mbunge zikaingia kapu moja na za Basilan. Kwa hiyo katika majimbo 8, mawili yalikuwa na wapigakura wasiotawaliwa na ARMM kabisa. Wao walisema hatutaki, lakini mbunge anayeitwa wa huko walimchagua nao.

Sasa sikiliza kesi, maana hapa ndipo aliposimama akaacha hata chai yake ipoe.

Mwaka 2006 baraza la ARMM lilikata upande mmoja wa Maguindanao likaufanya mkoa mpya, Shariff Kabunsuan. Wananchi wakapiga kura ya maoni Oktoba mwaka huo, wakakubali. Ukaja uchaguzi wa Mei 2007. Bai Sandra Sema (hilo "Bai" ni la heshima, la wanawake wa ukoo) aligombea ubunge wa mkoa huo mpya pamoja na Cotabato. Kisha akaenda Mahakama ya Juu kutaka kura za Cotabato zisijumlishwe. Hoja yake ilikuwa kwamba mkoa, kwa katiba, unastahili mbunge wake, basi huu mpya upewe wake peke yake bila kubebeshwa mji usiokuwa wake. Na meya wa Cotabato wakati huo alikuwa nani? Muslimin Sema, mumewe! Mke wa meya anaomba kura za mji wa mumewe ziwekwe pembeni. Mpinzani wake, Didagen Dilangalen, aliyekishika kiti kile, akamjibu mahakamani kuwa bibi huyu mwenyewe ndiye aliyejaza fomu kwamba anagombea mkoa pamoja na Cotabato.

Majaji walitoa uamuzi Julai 2008. Hawakusumbuka sana na fomu. Walisema ukiunda mkoa umeunda na kiti cha bunge la taifa, na kiti cha bunge la taifa huundwa na Kongresi ya Manila tu. Baraza la eneo halina uwezo huo. Shariff Kabunsuan, mkoa uliokuwa na gavana na mihuri yake, ukawa kama haukuwahi kuwepo. Nilimwambia huyu bwana kuwa hapo kesi ya kiti kimoja imegeuka kesi ya kujua ukomo wa mamlaka ya ndani. Akasema kwao walisema kwa maneno makali zaidi, lakini ni Ramadhani, hatayarudia.

Halafu 2010 Sandra Sema akagombea jimbo la kwanza la Maguindanao, Cotabato ikiwa ndani, akashinda. Akakaa kiti hicho hadi 2019.

Jimbo la pili hakulisimulia kwa kicheko. Huko ndiko ulikokuwa mji wa Ampatuan. Tarehe 23 Novemba 2009 msafara ulikuwa ukipeleka fomu ya Esmael Mangudadatu ya kugombea ugavana. Alimtuma mkewe na jamaa zake wa kike, pamoja na waandishi wa habari wengi, akiamini wanawake na waandishi hawataguswa. Waliuawa watu 58, na 32 kati yao walikuwa watu wa vyombo vya habari. Ilikuwa fomu tu, Makame, hata kampeni haijaanza. Mangudadatu alishinda ugavana Mei 2010. Ubunge wa jimbo hilo mwaka huo ulikwenda kwa Simeon Datumanong, mzee aliyewahi kuwa waziri wa ujenzi na wa sheria; 2013 ukaenda kwa Zajid Mangudadatu, nduguye gavana, na 2019 kwa Esmael mwenyewe. Hukumu ya mauaji ilitoka Desemba mwaka huo huo wa 2019, miaka kumi baadaye, wakuu wa ukoo wa Ampatuan wakafungwa maisha.

Ukoo kule ni jambo kubwa kuliko chama, hilo utaliona mwenyewe ukipitia majina. Jimbo la pili la Lanao del Sur lilikuwa la Pangalian Balindong. 2019 akachaguliwa mwanawe Yasser, na baba akawa Spika wa bunge jipya la Bangsamoro, eneo lililochukua nafasi ya ARMM. Siwalaumu sana, na sisi tunazo zetu.

Na takwimu zenyewe zina historia. Mwaka 2007 Maguindanao ilitoa matokeo ya useneta ambayo wagombea wa upande wa serikali walichukua nafasi zote 12, wapinzani hawakupata hata moja. Msimamizi wa shule, Musa Dimasidsing, aliyetoboa hadharani namna kura zilivyochezewa, alipigwa risasi akafa Juni mwaka huo. Mwaka 2010 nchi nzima ikahesabu kwa mashine kwa mara ya kwanza, na 2012 watu wa ARMM wakaandikishwa upya kabisa kwa sababu daftari la zamani halikuaminika. Ndiyo maana mwenzangu hasomi nani kashinda kwanza. Anasoma waliojitokeza ni wangapi, na vituo gani vimechelewa.

Mapema 2019 ARMM ikaondoka, ikaingia Bangsamoro, na safari hii Cotabato ikakubali. Isabela ikakataa tena. Sulu nayo ilikataa, lakini kura za ARMM zilihesabiwa kama eneo moja, ikaburutwa ndani hivyo hivyo, mpaka Septemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoitoa. Kutoka kwake kuliacha viti saba vya bunge la Bangsamoro bila jimbo, na sheria ambazo bunge hilo lilitunga kuvigawa upya mahakama ikazitupa 2025. Uchaguzi wao wa kwanza wa bunge hilo ulipangwa 2022, ukawa unasogezwa kama pazia.

Nilidhani basi angalau yeye anapiga kura kwenye ubalozi wao Muscat. Anapiga, lakini ni ya rais na makamu wake, maseneta na orodha ya vyama (kura ya chama, si ya mtu). Mbunge wa jimbo hamchagui mtu aliye nje ya nchi. Jimbo lote hili alilonichorea kwa saa nzima, kwake ni la kutazama tu. Nikamwambia sisi wa Tanzania tukiwa nje hatupigi hata hiyo moja. Akanipa pole, akanimiminia chai.

Ile ramani nimeikunja humu ndani ya bahasha. Ilipochorwa mara mbili ni Cotabato, na doa la mafuta ni sambusa, si kisiwa. Msalimie mama, na umwambie ile dawa ya mgongo nitaipeleka na mtu wa mwisho wa mwezi.

Nduguyo,
Khamis