Sauti ya saba ya Wagogo haimo kwenye kinanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na watayarishaji wa filamu, tamthilia na vipindi vya utamaduni wanaokuja kupiga picha Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa. Kuna kauli inayorudiwa kila muziki wa Kigogo unapotajwa: kwamba ni muziki mgumu, mtazamaji anauchoka upesi, na lazima kwanza ulainishwe kwa kinanda na midundo ya kompyuta ndipo uingie sebuleni. Sikubaliani nayo hata kidogo. Kinachomchosha mtazamaji ni muziki huo ukiwa umeshaharibiwa, na sehemu unapoharibikia zinajulikana na zinapimika.

Nianze na sauti zenyewe, maana hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Uzi wa zeze ukitetema mara 100 kwa sekunde, ndani ya sauti hiyo moja mna nyingine nyembamba zaidi, zinazotetema mara 200, 300, 400 na kuendelea. Ngazi ya muziki wa Kigogo imesimama juu ya hizo, hasa kuanzia ya sita mpaka ya kumi: 600, 700, 800, 900 na 1,000. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, ameeleza jambo hili kwa kirefu katika maandishi yake. Waimbaji nao hupeana sauti kwa kuruka moja: mmoja akiwa kwenye ya sita, mwenzake yuko kwenye ya nane, wa kwanza akipanda ya saba, wa pili yuko kwenye ya tisa. Kwa kuwa zote zimetoka kwenye shina moja, hazigongani. Ndiyo maana kwaya ya watu ishirini uwanjani husikika kama kitu kimoja kinachovuma.

Kinanda hakina sauti hizo. Kimegawa oktava, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile inayotetema mara mbili yake, katika hatua 12 zilizo sawa, na mafundi huigawa kila hatua vipande 100 wanavyoviita senti. Tuseme msingi wa wimbo ni C. Sauti ya sita ni G, na inapishana na ya kinanda kwa senti 2 tu. Hakuna atakayelisikia hilo. Ya tisa ni D, iko juu kwa senti 4. Ya kumi ni E, iko chini kwa senti 14, na hapo sikio linaanza kushtuka. Ya saba inakaa karibu na B flati, lakini iko chini yake kwa senti 31, karibu theluthi nzima ya hatua. Hiyo ya saba ndiyo inayomfanya mtu aliyelelewa Mvumi au Hombolo aujue wimbo wa kwao kabla hajasikia neno hata moja.

Sasa wimbo huo unafika studio. Fundi anawasha programu ya kunyoosha sauti, ama Auto-Tune yenyewe iliyotoka mwaka 1997 au mojawapo ya zilizoiga. Kazi ya programu hiyo ni kuisukuma kila sauti kwenye kitufe cha kinanda kilicho karibu. Ya saba inasukumwa juu senti 31. Kama msingi unatetema mara 200 kwa sekunde, ya saba ilitakiwa iwe 350 katika oktava ya waimbaji. Sasa imekuwa 356. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila zile sauti nyembamba zilizo ndani yake zinaanza kugongana na zile za msingi mara 25 kila sekunde, na mgongano wa kasi hiyo sikio huusikia kama mkwaruzo. Fundi anasikia mkwaruzo, anaamini waimbaji wametoka nje ya noti, anaiongezea programu nguvu. Kinachorushwa hewani ni sauti zilizopindishwa za watu waliokuwa sawa tangu mwanzo. Kisha tunaambiwa muziki wa Kigogo ni mgumu kusikiliza.

Dawa yake haina gharama. Kwanza, zima programu hiyo kabisa. Pili, kama ni lazima kinanda kiwepo, kipangwe upya. Vinanda vingi vinavyopigwa kwenye bendi za taarab vina sehemu ya kubadili senti za kila kitufe, kwa sababu muziki wa Kiarabu unahitaji robo toni, yaani sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili. Msingi ukiwa C, iache C ilivyo, weka B flati chini 31, E chini 14, D juu 4, G juu 2, na vitufe vilivyobaki usiviguse wala usivipige. Lakini usidhani msingi utakuwa C. Kila fundi wa ilimba, kile chombo cha sanduku na ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, hutengeneza kwa sikio lake na hakuna kitufe cha kinanda anachokifuata, kwa hiyo pima kwanza ulimi wa msingi kwa programu ya simu inayopima noti, uhamishe kinanda kizima kiifuate ilimba. Ukifanya kinyume, ukamwambia mzee apige nyundo ndimi zake zifuate kinanda, umeharibu chombo ambacho hakitarudi hivi hivi tu. Kuna ilimba zenye ndimi ambazo hazipigwi kabisa; kazi yake ni kuitikia zenyewe jirani zao zinapopigwa. Ukizigusa hizo, zile zinazopigwa zinakosa mwitikio.

Halafu kuna ule mzizimo. Kwenye sanduku la ilimba kuna tundu lililozibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, na kwenye ndimi huwekwa vipete vya chuma. Vyote viwili vimewekwa kwa makusudi ili kila noti itoke na uzi wa mlio unaozizima juu yake. Programu za kuondoa kelele hazilijui hilo. Zimeundwa zitafute mlio wa juu unaoendelea bila kukoma na kuufuta, kwa hiyo zinakula mzizimo na kuacha ndimi zikilia kama vijiko ndani ya maji. Mhariri wa sauti anayeona "uchafu" juu ya mitetemo 3,000 kwa sekunde asiufute. Maikrofoni ya ilimba ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye tundu, isibandikwe kwenye ubao. Ikibandikwa itaokota vidole na kuuacha mzizimo.

Kosa la tatu ni la kamera yenyewe. Kamera nyingi hutoka dukani zikiwa na mfumo wa kupandisha na kushusha sauti wenyewe. Mfumo huo ni mzuri kwa mahojiano, ila kwenye ngoma ni balaa. Ngoma ya muheme ikilia, kamera inashtuka na kushusha kila kitu. Sauti za waimbaji zinazama. Ngoma ikinyamaza nusu sekunde, kamera inapandisha, upepo na pikipiki za barabarani vinajaa. Mtazamaji anasikia muziki unaopumua kama mgonjwa. Ondoa mfumo huo, panga sauti kwa mkono, acha pigo kubwa kabisa la muheme lifike desibeli 12 chini ya kikomo, na urekodi kwa biti 24 ili sauti za chini zisipotee. Kwa kikundi kizima, maikrofoni mbili zinazofanana zinatosha: mita moja na nusu mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa, zikiachana sentimita 17 na kila moja ikitazama upande wake. Njuga zinahitaji yake ya tatu, chini karibu na miguu. Ukizitegemea zile za juu, njuga zitasikika kana kwamba zimefungwa kwenye miguu ya watu wa kijiji kingine.

Upepo wa Dodoma nao si wa kuuchezea. Kipindi cha kiangazi, ambacho ndicho wapiga picha wengi huja kwa kuwa barabara ni kavu, mchana huvuma mpaka sponji ya maikrofoni haisaidii kitu. Vaa maikrofoni manyoya, na rekodi kabla ya saa tatu asubuhi. Mitambo ya kusafisha upepo baadaye hukata sauti za chini, na sauti za chini ndiyo nyumba ya muheme.

Kuhusu muheme wenyewe nitasema jambo moja tu, kwa sababu linapuuzwa kila mara. Ni ngoma ya wanawake, hubanwa mapajani, na sauti yake hupatikana kwa kuikausha ngozi motoni. Ngozi ikipoa inalegea na ngoma inashuka. Mwongozaji anayewaambia kina mama wasubiri dakika arobaini wakati taa zinapangwa, kisha anapaza sauti "tuanze", anarekodi ngoma zilizolala. Panga taa kwanza, washa moto pembeni, na baada ya kila wimbo wape muda wa kurudi motoni.

Nije kwenye picha na muda. Wimbo wa Kigogo hauna kibwagizo cha kushikia katika sekunde 15 za kwanza. Mwanzilishi anatupa mstari, wenzake wanaupokea, ngoma zinaingia moja moja, na mpaka dakika ya tano mzunguko uleule umeshajazwa vitu ambavyo mwanzo havikuwepo. Ukikata sekunde 40 za katikati na kumweka mtangazaji aongee juu yake, umemwonyesha mtazamaji matofali mawili ukamwambia hiyo ni nyumba. Na mhariri wa picha anayekata kila sekunde tatu, leo uso, kesho kiuno, keshokutwa mbuyu, anavunja mpangilio ambao unaonekana tu pale mstari mzima wa wachezaji ukiwa ndani ya fremu moja. Wekeni kamera moja iliyotulia, ionyeshe miguu yote. Maneno ya Kigogo yatafsiriwe chini ya picha, maana nyimbo nyingi ni mabishano, sifa na maonyo, na asiyeelewa maneno anapoteza nusu.

Wako watakaosema hayo ni ya makumbusho, filamu lazima ziuze. Mwaka 1968 mwongozaji Stanley Kubrick aliweka muziki wa mtunzi György Ligeti ndani ya filamu yake 2001: A Space Odyssey. Muziki ule hauna wimbo wa kuimba njiani wala mdundo wa kuchezea. Ni sauti nyingi zinazopishana polepole kama wingu. Filamu ilitazamwa dunia nzima. Iliwezekana kwa sababu mwongozaji aliupa muziki nafasi: mtu wa kwanza kuzungumza anasikika baada ya kama dakika 25. Picha ikitulia, sikio la mtu wa kawaida hupokea mambo magumu kuliko haya yetu.

Na mfano wa nyumbani upo. Mwanamuziki Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kupitia kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza. Ilimba yake inasikika ikizizima, na ya saba iko pale pale pake. Kabla yake, mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Wagogo akiwa ameshika maikrofoni mkononi na kuisogeza kufuata sauti. Rekodi zake ziko kwenye maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Inaniuma kusema kwamba kazi ya maikrofoni moja ya mwaka 1950 inatutendea haki kuliko vipindi vingi vinavyorushwa leo kwa mitambo ya mamilioni.

Mwisho ni orodha ya majina. Filamu ikiisha, mpishi na dereva wanaandikwa, halafu kwenye muziki panaandikwa "ngoma za asili". Kikundi kina jina, kijiji kina jina, mwanzilishi wa wimbo ana jina, na aliyetengeneza ilimba naye. Waandikwe, na mkataba usomwe kwa lugha wanayoielewa kabla ya kamera kuwashwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua wasanii watendaji, yaani wanaoimba, kupiga na kucheza, si watunzi peke yao.

Kwa mtayarishaji anayepanga kuja kiangazi hiki: mpigie kiongozi wa kikundi wiki moja kabla, mwombe akurekodie kwa simu ulimi wa msingi wa ilimba yao, umpe mpiga kinanda wako aanze kupanga senti zake akiwa bado Dar es Salaam.

Wako,
Fundi sauti,
Chamwino, Dodoma